Folda zilizojificha kwenye flashi: zijue kwa majina kabla hujafomati

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari, iwe Mwenge, Posta au jirani na geti la chuo, wakati mwingine utakuta folda ambazo hukuziweka wewe. System Volume Information. $RECYCLE.BIN. .Trashes. .Spotlight-V100. LOST.DIR. Majina yenyewe yanatia hofu, na anayekuhudumia hakawii kusema: "Dada, flashi yako ina virusi, niifomati?" Dada wa watu ripoti yake inatakiwa saa nane mchana, nyuma yake kuna foleni, anaitikia. Kinachopotea hapo ni kazi zake. Folda zenyewe hurudi flashi ikichomekwa tena, kwa sababu hazikuwa virusi hata kidogo. Zinawekwa na mfumo wa kompyuta.

Nimemwandikia huyo dada, na anayemhudumia pia. Nimewaandikia vilevile wapiga picha za harusi wanaotembea na diski za nje, vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi pale Kariakoo, na yeyote ambaye flashi yake moja inapita kwenye Windows ya ofisini, Mac ya rafiki, simu ya Android na sabufa ya nyumbani. Ukiona folda ngeni uweze kusema imetoka mfumo gani, ndani yake kuna nini, na ukiifuta utapoteza nini.

Kwa nini leo unaziona na jana hukuziona

Kila mfumo una namna yake ya kuficha. Windows hubandika alama kwenye faili au folda: alama moja inasema imefichwa, nyingine inasema ni mali ya mfumo. Linux na Android hutazama jina tu, na Mac hutazama hasa jina. Likianza na nukta, halionyeshwi. Mfumo mmoja haulazimiki kuheshimu ufichaji wa mwingine. Ndiyo maana .fseventsd iliyoundwa na Mac huioni kwenye Mac yenyewe, lakini ukiipeleka flashi kwenye TV inatokea kwenye orodha mchana kweupe. Na folda iliyofichwa kwa alama za Windows hukaa wazi kabisa ukiifungua kwa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, au kwa simu ya Android. Ni kama stoo iliyo nyuma ya pazia la duka: mteja wa mbele haioni, aliyepita uchochoroni anaiona yote.

Shika hilo, maana litakusaidia tena tukifika kwenye virusi vya kweli.

Hatua ya kwanza: nakili, kisha fungua pazia

Kabla ya kufuta chochote, nakili mafaili yako muhimu kwenye kompyuta au simu. Usiseme utafanya baadaye. Nakala ikishakuwepo, unaweza kukosea amri na bado ukalala vizuri.

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, nenda "View", kisha "Show", weka tiki kwenye "Hidden items". Hapo hapo weka tiki kwenye "File name extensions", ili uone mwisho wa jina la kila faili. Hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Windows 10 tiki hizo mbili ziko juu, kwenye kichupo cha "View".

Hapo utaona zilizofichwa za kawaida. Za mfumo bado. Fungua "Options", kwenye Windows 11 ziko kwenye vinukta vitatu vya juu, nenda kichupo cha "View", toa tiki kwenye "Hide protected operating system files". Windows itakuonya, kubali. Ukimaliza kazi rudisha tiki hiyo, hasa kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, kwa sababu mtu asiyejua anaweza kufuta kitu cha Windows yenyewe kwenye diski C.

Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta kwa mpigo. Kwenye Ubuntu ni Ctrl na H. Kwenye simu ya Android fungua programu ya mafaili, ingia kwenye mipangilio yake, ruhusu kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Sasa pima. Bofya kulia kwenye alama ya flashi au diski, chagua "Properties", andika pembeni nafasi iliyotumika. Rudi ndani, chagua vyote kwa Ctrl na A, bofya kulia, "Properties" tena. Kama namba hizi mbili zimeachana kwa gigabaiti nyingi, kuna kitu kimelala humo ambacho huruhusiwi kukihesabu au hukioni. Tofauti ya megabaiti chache isikusumbue.

Katika amri zote zilizo hapa chini nimetumia E: kama herufi ya flashi. Yako inaweza kuwa D:, F: au G:. Itazame kwa macho kabla ya kubonyeza Enter, kila mara.

Za Windows

System Volume Information ndiyo inayotisha watu zaidi, na kwenye flashi ndiyo isiyo na uzito kabisa. Ukiifungua kwenye flashi ya kawaida utakuta mafaili mawili madogo, WPSettings.dat yenye baiti 12 na IndexerVolumeGuid yenye baiti 76. La pili ni kitambulisho ambacho huduma ya utafutaji ya Windows hutumia kuijua flashi yako. Flashi ya FAT32 au exFAT (aina mbili za kufomati zinazotumika sana kwenye flashi) itakuruhusu kuifuta, ila Windows itaiunda upya. Iache. Haili nafasi, haisambazi kitu.

Kwenye diski ya nje iliyofomatiwa kwa NTFS, aina ya kufomati ya Windows, habari ni nyingine. Hapo ukijaribu kuifungua utaambiwa huna ruhusa, na huo ni ulinzi wa kawaida. Lakini ndani yake Windows inaweza kuhifadhi sura za zamani za diski kwa ajili ya kurejesha mfumo, na hizo huweza kufika gigabaiti nyingi. Ukishuku hivyo, andika cmd (dirisha la amri la Windows) kwenye kisanduku cha kutafuta, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

`vssadmin list shadowstorage`

Itakuonyesha kila diski na nafasi iliyotumika kwa kazi hiyo. Ikiwa ni kubwa na huihitaji, tafuta "Create a restore point", chagua diski yako kwenye orodha, bonyeza "Configure", zima ulinzi, kisha "Delete". Ila kama diski hiyo ndiyo unayowekea nakala za akiba za Windows nzima, usiguse. Utakuwa unafuta matoleo ya zamani ya akiba yako mwenyewe.

$RECYCLE.BIN ni pipa la taka, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo nafasi nyingi za diski za wapiga picha zinapopotelea. Kwenye flashi, Windows kwa kawaida hufuta moja kwa moja bila kupitia pipa. Kwenye diski ya nje haifuti. Inahamishia kwenye $RECYCLE.BIN ya diski hiyo hiyo. Ndani yake kila mtumiaji ana folda yake yenye jina refu linaloanza na S-1-5-21. Sasa fikiria studio ya Sinza yenye kompyuta tatu na diski moja ya terabaiti 1 inayozunguka. Kaka wa kwanza anafuta video za send-off kwenye kompyuta yake na kumwaga pipa lake. Wa pili amefuta zake na hakumwaga. Wa kwanza akifungua pipa anaona tupu, kwa sababu anaonyeshwa lake peke yake. Diski imejaa, kila mtu anamtazama mwenzake, na video zimelala kwenye folda ya mtu wa pili.

Kabla ya kumwaga, jua pia kwamba hapo ndipo pa kuokolea. Kila kilichofutwa huwa na mafaili mawili: linaloanza na $R ndilo lenye kazi yenyewe, na linaloanza na $I limebeba jina la zamani, mahali lilipokuwa na muda lilipofutwa. Ukiichomeka diski kwenye kompyuta ya Ubuntu utaweza kufungua $R yenye mwisho wa .mp4 na kuicheza kama video yoyote. Nimeona watu wakilia harusi ya watu imepotea, kumbe ipo humo nzima.

Ukishaokoa unachotaka, mwaga vyote kwa cmd iliyofunguliwa kama msimamizi:

`rd /s /q E:\$RECYCLE.BIN`

Tumia cmd, siyo PowerShell, ambayo ni dirisha jingine la amri la Windows. PowerShell huichukulia alama ya $ kwa maana nyingine na amri itakataa. Amri hii haiulizi mara mbili na haina kurudi nyuma. Folda mpya tupu itaundwa utakapofuta kitu tena.

FOUND.000 huundwa Windows inapokagua diski yenye hitilafu, kwa mfano umeme ulipokatika katikati ya kunakili au flashi ilipochomolewa kwa pupa. Ndani kuna vipande vyenye mwisho wa .CHK. Kama hukukosa faili lolote, futa. Kama umekosa, nakili folda hiyo kwanza, kisha jaribu kubadilisha mwisho wa jina kuwa .jpg au .docx uone kipi kinafunguka.

Za Mac

Mac huacha nyayo nyingi kuliko mfumo mwingine wowote, na zote huanza na nukta. .Spotlight-V100 ni faharasa ya utafutaji. .fseventsd ni kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili. .TemporaryItems ni vya muda. .DS_Store hukaa ndani ya kila folda iliyofunguliwa na hutunza jinsi vijipicha vilivyopangwa. Hizi zote unaweza kuzifuta bila kupoteza kazi yako hata moja.

Mbili nyingine zinahitaji akili zaidi.

Ya kwanza ni .Trashes. Ukifuta faili la kwenye flashi kwa kutumia Mac, haliondoki, linahamia .Trashes ya flashi hiyo, ndani ya folda yenye namba ya mtumiaji. Mtumiaji wa kwanza wa Mac huwa 501. Kwa hiyo unafuta filamu, nafasi haiongezeki, unafuta nyingine, bado. Dawa ni kumwaga Trash flashi ikiwa bado imechomekwa. Ukitaka kufuta moja kwa moja, chagua faili ubonyeze Option, Command na Delete kwa pamoja.

Upande wa pili wa jambo hilo ni siri zako. Ukiazima Mac ya mtu, ukafuta barua ya mshahara kwenye flashi, kisha ukampa jirani hiyo flashi, yeye kwenye Windows anaweza kuingia .Trashes, akaingia 501, akaisoma. Pipa hilo halina kufuli kwenye FAT32 wala exFAT.

Ya pili ni mafaili yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Una wimbo unaoitwa harusi.mp3, pembeni yake panatokea ._harusi.mp3. Mac hutunza taarifa za ziada za kila faili, na kwa kuwa FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuziweka, inaziandika kwenye faili la pembeni. Kila moja huwa na kilobaiti 4 hivi. Ni kidogo, ila hesabu hii itazame: flashi ya exFAT iliyo kubwa kuliko gigabaiti 32, ikifomatiwa na Windows bila kubadilisha chochote, hugawanywa katika vipande vya kilobaiti 128, na faili dogo kuliko kipande hula kipande kizima. Nyimbo 1,000 zikifuatana na vivuli vyake 1,000, umeshapoteza megabaiti 125 kwa vitu visivyochezeka.

Na usumbufu mkubwa uko kwenye masikio. Sabufa, redio ya gari au ya bajaji haijui maana ya nukta. Inaona faili lenye mwisho wa .mp3, inajaribu kulicheza, linagoma, inaruka au inakwama. Mteja anarudi dukani: "Kaka, nyimbo ulizoniwekea nusu haziimbi." Nyimbo hazina tatizo. Chomeka flashi kwenye Mac, fungua Terminal, dirisha lake la amri, andika hii ukiweka jina la flashi yako:

`dot_clean -m /Volumes/JINA`

Huna Mac karibu? Kwenye Windows, kwa cmd:

`del /s /q /f /a E:\._*`

Nukta na mstari wa chini visikosekane mbele ya nyota. Ukiandika nyota peke yake utafuta flashi nzima.

Kama wewe ndiye mwenye Mac na unajaza flashi za wateja kila siku, ni bora kuzuia kuliko kusafisha. Zima faharasa kwenye flashi husika:

`sudo mdutil -i off /Volumes/JINA`

Zuia .DS_Store kwenye flashi zote, kisha toka kwenye akaunti na uingie upya:

`defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteUSBStores -bool true`

Na dot_clean iwe ndiyo kazi ya mwisho kabla ya kuchomoa, kwa sababu ukifungua tena folda na kuhariri kitu, vivuli vinarudi.

Za Linux

Hapa ni haraka. .Trash-1000 ni pipa la taka, namba 1000 ikiwa ya mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu na ndugu zake. Ndani kuna "files" yenye vilivyofutwa na "info" inayosema vilitoka wapi. Tatizo lake ni lile lile la .Trashes: umefuta, flashi bado imejaa. Mwaga pipa, au tumia Shift na Delete tangu mwanzo. Ukiona lost+found kwenye diski ya ext4, aina ya kufomati ya Linux, iache. Ni mahali pa kuwekea vipande vilivyookolewa wakati wa ukaguzi wa diski, na kwa kawaida huwa tupu.

Za simu na kamera

LOST.DIR huundwa na Android kwenye memori kadi. Simu ikizimika ghafla au kadi ikichomolewa wakati inaandikwa, vipande vilivyookolewa huwekwa humo, kwa kawaida vikiwa na namba badala ya jina na bila mwisho wowote. Kama picha za mtoto zimepotea kwenye galari, anzia hapo. Nakili vipande hivyo kwenye kompyuta, ongeza .jpg mwishoni, fungua kimoja kimoja, visivyofunguka jaribu .mp4. Ukiridhika, futa LOST.DIR. Itarudi tupu. Ikirudi imejaa kila wiki, kadi yenyewe inakufa. Toa vitu vyako mapema.

Kuanzia Android 11, picha iliyotupwa kwenye pipa na programu zinazotumia utaratibu huo hubaki mahali pake pale pale, jina lake tu likaongezewa .trashed- mbele pamoja na namba. Hukaa siku 30 kisha hufutwa. Kwa hiyo mtu akikwambia amefuta picha kwenye kadi jana, tazama na pazia likiwa wazi, unaweza kuzikuta.

Folda ya .thumbnails ni vijipicha vidogo vya galari. Futa ukitaka nafasi, simu itaviunda upya. Folda inayoitwa Android usiifute kienyeji, programu huweka data zake humo. Na kama kadi uliitoa kwenye simu ikawa haisomeki popote, muulize mwenye simu kama aliiunganisha na hifadhi ya ndani. Uwezo huo ulikuja na Android 6 mwaka 2015, na kadi ya namna hiyo husimbwa ili isomwe na simu ile ile tu. Ukiifomati kwa kudhani imeharibika, basi tena.

Kwa wapiga picha: DCIM, MISC na PRIVATE zimewekwa na kamera. Usichague faili moja la video ukaacha folda zilizolizunguka, hasa kwenye kamera zinazorekodi kwa mtindo wa video uitwao AVCHD, kwa kuwa taarifa za kuunganisha vipande ziko kwenye mafaili mengine ya pembeni. Nakili kadi nzima kama ilivyo, hakikisha inafunguka, ndipo uifomati, na uifomati kwa kamera yenyewe.

Sasa virusi vya kweli

Nimesema folda za mfumo si virusi. Lakini virusi vinajua kwamba watu wanaogopa vinavyoonekana na hawaangalii vilivyofichwa, na vinatumia alama zile zile za Windows kuficha kazi zako. Dalili ninazozitazama ni hizi.

Folda zako zimegeuka shotikati: kijipicha kina mshale mdogo, na ukubwa ni kilobaiti 1 au 2. Mafaili yenyewe hayajafutwa. Yamehamishiwa kwenye folda iliyofichwa, mara nyingi yenye jina linaloonekana tupu. Ukibofya shotikati, folda inafunguka kweli, huku virusi navyo vimeamka.

Kuna faili lenye sura ya folda lakini mwisho wake ni .exe, .vbs au .lnk. Ndiyo maana nilisisitiza kuonyesha miisho ya majina.

Kuna folda ya RECYCLER kwenye flashi mpya. Jina hilo lilitumiwa na Windows za zamani kama XP. Tangu Windows Vista pipa linaitwa $RECYCLE.BIN. Virusi vya Conficker, vilivyogunduliwa mwaka 2008, vilijificha ndani ya RECYCLER ya flashi na kuitwa na faili la autorun.inf, linaloielekeza Windows iendeshe programu bila wewe kubofya. Windows 7 iliacha kuendesha autorun.inf ya flashi yenyewe, na mwaka 2011 Microsoft ilipeleka sasisho hilo kwa XP na Vista. Tangu hapo virusi vimehamia kwenye shotikati, kwa sababu vinahitaji mkono wako ubofye.

Ukiona dalili hizo, usibofye chochote ndani ya flashi. Fungua cmd na andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Amri hii inaondoa alama za kufichwa, za kusomwa tu na za mfumo kwenye kila kitu. Folda yako iliyokuwa imefichwa itatokea. Pamoja nayo zinaweza kutokea System Volume Information na wenzake, hao umeshawajua. Nakili nyaraka, picha, muziki na video pekee. Acha .lnk, .vbs, .exe na .inf zote. Kisha, kwa mara ya kwanza katika mwongozo huu, fomati.

Kama hapo ulipo huna kompyuta unayoiamini, tumia simu. Waya wa OTG, wa kuunganishia flashi na simu, unapatikana kirahisi Kariakoo. Chomeka flashi kwenye simu ya Android: virusi vya shotikati vimeandikiwa Windows, haviwezi kuamka humo, na simu haijali alama za Windows, kwa hiyo mafaili yaliyofichwa utayaona bila amri yoyote. Nakili unachohitaji kwenye simu, jitumie kwa barua pepe, na steshenari wachapishe kutoka huko. Mwanafunzi anayewahi kukabidhi kazi, hii ndiyo njia ninayompa kwanza.

Na kompyuta iliyoambukiza flashi nayo isafishwe, la sivyo unateka maji kwa pakacha. Ndugu zangu wa steshenari, bofya kulia kwenye flashi ya kila mteja na uipime kwa Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, kabla ya kuifungua, hata foleni ikiwa ndefu. Flashi moja chafu asubuhi inaweza kuzaa nyingi kufikia jioni, nazo zinarudi majumbani Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto.

Unapomkabidhi mtu mwingine

Kuna wanaouza diski zao zilizotumika na kuna wanaorudisha flashi za ofisi. Kufuta kwa kawaida hakutoshi, kwa kuwa umeona mapipa matatu tofauti yanavyoweza kukaa kwenye kifaa kimoja bila kujuana. Steshenari na studio zinashika nakala za vitambulisho, vyeti na mikataba ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanaozikusanya. Kwa kifaa kinachoondoka mikononi mwako moja kwa moja, fanya fomati kamili: bofya kulia, "Format", toa tiki kwenye "Quick Format". Tangu Windows Vista, fomati ya namna hiyo huandika sifuri kwenye diski nzima. Inachukua muda mrefu, kwenye diski kubwa saa kadhaa, kwa hiyo ianze umeme ukiwa wa uhakika.

Kwa kazi ya kila siku inatosha kumwaga mapipa, kusafisha vivuli vya Mac, kisha kutoa kifaa kwa utaratibu: "Eject" kwenye Windows na Mac, au kukiondoa kwenye mipangilio ya hifadhi kwenye simu.

Ukifomati, chagua aina kwa kazi

Flashi ya sabufa, redio ya gari na TV ya zamani: FAT32. Haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na dirisha la kufomati la Windows limezoeleka kuitoa kwa flashi hadi gigabaiti 32 tu, lakini kwa nyimbo hiyo ni zaidi ya kutosha.

Diski inayopita Windows na Mac ikiwa na video ndefu za harusi: exFAT. Hakikisha TV ya mteja inaisoma kabla hujampelekea.

Diski ya Windows peke yake: NTFS. Mac huisoma lakini kwa kawaida haiandiki humo, na kwa sababu hiyo haiachi hata nukta moja.